Kiondo cha Mama Kilichobaki Ulaya

Nilikiona kiondo cha marehemu mama ndani ya sanduku la kioo, taa imewashwa juu yake, watu wanapita pole pole kama wanaoaga maiti. Ule mkanda wake wa ngozi, ambao mama aliushona mwaka ng'ombe wetu mwekundu alipokufa na kiangazi, ulikuwa umelazwa kando, umepakwa mafuta ukang'aa. Karibu nao, daftari la babu limefunguliwa katikati, kwenye ukurasa wenye doa la samli. Wazungu walikuwa na glasi za mvinyo mkononi. Wanainama, wanatazama, wanarudi mezani kula jibini.

Nikamwuliza ndugu yangu Kyalo, "Hiyo kadi imeandikwa nini?"

Kyalo aliisoma kwa macho tu.

"Kyalo, nakuuliza."

"Imeandikwa, 'Zawadi kutoka Machakos.'"

"Zawadi ya nani?"

"Mwaitu, twende nje."

Sikwenda nje. Niliweka viganja vyangu viwili juu ya kile kioo, nikaanza kutafuta pahali pa kufungulia, na hapo ndipo askari wa mlangoni aliponishika mkono mbele ya watu wote, kama mwizi wa kuku siku ya soko. Mimi, mwenye kiondo.

Nyinyi wa kikundi cha akina mama hapa Masii mmeniuliza mpaka nimechoka kurudia. Mmoja anauliza kama niliona theluji, mwingine kama Kyalo ameoa Mzungu, na hakuna anayengoja jibu liishe. Sasa nimeandika. Shule niliishia darasa la tano lakini kuandika naweza. Habari za pasi na picha na mihuri siwaelezi, hazina utamu. Nitaanza pale safari ilipoanzia, na majina nitayataja.

Masii hadi Machakos mjini

Kyalo ni kitinda mimba wetu. Jina lake ni safari kwa Kikamba, kwa sababu mama alimzaa kando ya barabara akitoka kuuza maembe Kithyoko. Mimi ndiye niliyetolewa shule kumbeba mgongoni, na baadaye cherehani yangu ndiyo iliyomsomesha. Ananiita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nimepewa jina la nyanya na baba alikuwa akiniita hivyo. Lakini hata bila nyanya, jina hilo nimelifanyia kazi.

Alipopata ufadhili wa kusomea udaktari Ujerumani, si ule wa sindano, ule wa vitabu, watu walifurahi mpaka waliposikia anasomea nini. Historia ya Wazungu. Kimanthi, katibu wa kanisa letu, alicheka mbele ya watu: "Kwani wenyewe wameisahau?"

Kyalo akamjibu, "Wao wanaandika historia yetu tangu zamani, bwana katibu. Uliwahi kuwauliza?"

Sasa sikilizeni jambo la daftari, maana kila kitu kiko hapo. Babu yetu Ndambuki alikuwa mpishi wa misionari Mjerumani. Alifundishwa kuandika ili aweke hesabu ya chumvi na unga. Yeye akaandika na mengine: yale Wazungu waliyokuwa wakiambiana mezani wakidhani mpishi hasikii. Viazi vilivyooza shambani kwao. Ndugu wa mama misheni, yaani mke wa bwana, aliyejificha juu ya zizi asipelekwe vitani. Barua iliyomfanya bwana asile siku mbili. Yote kwa Kikamba, na moshi wa jikoni umeingia kwenye karatasi. Na kile kijiji walichotoka, makaratasi yake yote yaliungua vita vilipokuja. Kwa hivyo mtu anayetaka kujua watu wa kijiji kile cha Ujerumani walikula nini na waliogopa nini, anamwuliza mpishi Mkamba. Kyalo ndiye aliyegundua hilo. Udaktari wake wote ulisimama juu ya daftari hilo moja.

Ilipofika mwaka wake wa tatu, wakubwa watano wa chuo walisema wataketi. Aje na daftari lenyewe mkononi, walione, ndipo wampe mwaka wa mwisho wa ufadhili. Bila daftari, hakuna. Msimamizi wake, Profesa Holtrup, akasema posta si ya kuaminika, afadhali dada alete mwenyewe. Akatuma tikiti. Tuliiombea safari yangu kanisani, na Kimanthi ndiye aliyeongoza maombi. Shikeni hilo.

Niliondoka siku ya soko na pikapu ya Bwana Salim, yule mwenye duka la vitambaa Machakos mjini ambaye huniletea kitambaa cha yunifomu. Mto ulikuwa umefurika juu ya barabara, tukakaa ng'ambo ya huku kwa saa nne, tumeketi juu ya marobota, tunakula mahindi ya kuchoma. Mimi kiondo kiko mapajani.

"Mama Ndanu," Salim akaniambia, "ndani ya hicho kuna nini unachokikumbatia hivyo?"

Nikamweleza.

"Na utampa nani?"

"Profesa akitaka kukisoma, nitampa."

"Basi akuandikie karatasi. Mimi hata robota moja likivuka kaunta naliandika."

"Aiya, Salim! Hiyo ni dukani. Mtu amekutumia ndege, unamwandikisha karatasi? Si ni kumwita mwizi huko?"

"Mimi sikusema mwizi. Nimesema karatasi."

Nikamweleza mambo ya kiondo, ingawa amekaa nasi miaka yote na anayajua. Kiondo kikienda kwa mtu na maembe, kinarudi na viazi vitamu. Kikienda na kunde, kinarudi hata na chumvi iliyofungwa kwenye gazeti. Mwenyeji anakaa nacho siku mbili tatu, anakirudisha na kitu ndani. Kukirudisha kitupu ni aibu. Kukaa nacho kabisa, hilo sijawahi kusikia. Ndiyo maana mtu haambiwi arudishe. Kumwambia ni kumtukana.

"Sisi tunajua," Salim akasema. "Mzungu je?"

"Huyu anajua. Alipokuja Masii, si nilimpelekea maembe kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, na kiondo hiki hiki? Kesho yake alikileta mwenyewe kwa miguu, ameweka pakiti ya biskuti. Kimanthi alimfundisha."

Salim akatupa kigunzi majini. "Haya, mama. Mimi nimesema."

Maji yalipopungua tukavuka, na hakulitaja tena. Leo ninapopita dukani kwake hanikumbushi, na hiyo ni heshima yake.

Uwanja wa ndege, Nairobi

Pale Nairobi nilichelewa kwa sababu ya muthokoi. Nilikuwa na kilo nne, mahindi yaliyokobolewa safi na kunde zake, maana Kyalo alikuwa ameandika kwamba anaota chakula hicho. Askari wa kike akafungua mfuko. Nilipomsikia tu akisema, nikajua ni wa kwetu.

"Mama, hii si ni muthokoi?"

"Ni muthokoi."

"Unapeleka muthokoi Ulaya?"

"Ndugu yangu hajaonja miaka mitatu."

Akaita wenzake waje waone. Walicheka, wakaniuliza kama Wazungu watahitaji kinu pia. Kisha akaona chupa ya asali. "Hii itabaki."

"Itabaki na nani?"

"Na serikali."

"Serikali iko na chai tayari?"

Hapo hata mkubwa wao alicheka, lakini asali ilibaki. Kiondo walitaka kiende chini na mizigo. Nikakataa. Nikaweka mkanda kwenye paji la uso, kiondo mgongoni, nikasimama hivyo, foleni yote nyuma yangu. Wakaniacha. Safari nzima ya ndege nilikipakata, hata nilipolala. Mhudumu alinizunguka kama anayemzunguka mama mjamzito.

Mji wa ukungu

Kulikuwa na mji wa katikati, pa kubadilisha ndege. Ukungu ulikuwa umeanguka, hakuna kinachoruka, tukakaa kwenye viti vya chuma tangu asubuhi mpaka jioni. Kando yangu alikuwa ameketi bibi mmoja wa Kizungu, kitambaa kichwani, miguu imevimba. Lugha yake sikuijua, naye hakujua hata Kiingereza changu cha darasa la tano. Nilikuwa na njugu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Nikampa mkebe. Akala kidogo, akainuka, akaenda nao kwenye mizigo yake. Nikajiambia, haya, mkebe umekwenda.

Aliporudi alinirudishia mkebe. Ndani kuna mayai mawili ya kuchemsha, na chumvi ameifunga kwenye karatasi, hivi hivi tunavyofunga sisi.

Nilikaribia kulia. Nikasema, kumbe hata huku watu ni watu. Na hilo lilinipoteza. Nilifika kwa Profesa nikiwa na moyo wa yule bibi.

Dirishani

Kabla ya kuingia nchi yao kuna dirisha. Kijana wa dirishani aliangalia pasi yangu, akaangalia barua ya Kyalo.

"Unasema ni ndugu yako. Baba mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Kwa nini jina si moja?"

Nikamweleza: mimi nimeitwa nyanya, yeye ameitwa safari, na jina la pili kila mmoja alipewa lake na mwalimu aliyemwandikisha shule. Akaniambia niketi. Nikaketi kwa saa mbili. Alikuja mwingine, akauliza vile vile, nikajibu vile vile, na sauti nikaipandisha kidogo. Mwisho walimwita Kyalo kwa kipaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta. Alipotokea tu, mwembamba, koti limemzidi, nikamwambia kwa Kikamba hao watu hawalishi watoto wa wenyewe. Yule kijana akatutazama, akapiga mhuri. Sura zetu zilimjibu.

Mji wa chuo

Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Nilipika muthokoi kwenye jiko la wanafunzi, Wachina wawili na Mturuki mmoja wakaja na sahani. Kyalo alikula, akaongeza tena. Daftari alilipangusa vumbi, akanisomea kipande cha misionari aliyekatazwa na mkewe kuimba. Mkutano wa wale wakubwa watano ulikuwa Jumanne.

Siku ya tatu, Ijumaa, Kyalo amekwenda kufundisha, nikasikia mlango. Ni Profesa Holtrup mwenyewe, na maua. Kiswahili chake ni cha vitabu lakini kinatosha.

"Mama Ndanu, karibu sana Ujerumani. Umelala salama?"

"Salama, Profesa. Karibu, kaa kitandani, viti hakuna."

Alikaa. Alikula muthokoi, akasifu. Aliuliza habari za Masii, za mvua, za katibu Kimanthi. Kisha akasema, "Na daftari limefika?"

"Limefika."

"Naweza kulisoma mwisho wa wiki?"

Wenzangu, mngefanya nini? Mtu amekuja kwangu na maua, amekula chakula changu. Nilitia daftari ndani ya kiondo, nikaongeza muthokoi kidogo kwenye karatasi, nikampa kwa mikono miwili. Sikusema arudishe. Alikipokea kwa mikono miwili pia. Alijua! Mtu asiyejua hupokea kwa mkono mmoja.

Kyalo aliporudi alitazama juu ya kabati. "Mwaitu, kiondo?"

"Profesa amechukua asome. Atakileta Jumatatu."

"Amekuandikia?"

"Salim naye alisema hivyo hivyo. Mna nini nyinyi na karatasi?"

Kyalo alivaa koti akatoka mbio. Profesa hakuwa nyumbani. Jumamosi hakuwa. Jumatatu karani wake alisema daftari liko kwa mafundi wa kuhifadhi vitabu vya zamani, lisiguswe.

Jumanne nilikaa nje ya mlango wa mkutano kwenye benchi. Kyalo aliingia na tai, akatoka nayo mfukoni.

"Wamesema nini?"

"Wameuliza daftari liko wapi. Nikamtazama Profesa. Yeye ni mmoja wa wale watano. Akatazama dirisha."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Sikunyamaza. Nilisema yeye ndiye analo. Akasema sasa ni mali ya chuo, na yeye mwenyewe anaandika kitabu juu yake. Na mwanafunzi hawezi kupewa udaktari juu ya kitu ambacho msimamizi wake tayari anakiandika."

"Nani alianza?"

"Mwaitu, hilo hawakuuliza."

Ufadhili ukakatika hapo. Wiki iliyofuata ndipo yalipokuwa yale maonyesho yao ya mambo ya misheni, na lile sanduku la kioo nililowaeleza.

Askari aliponishika, nilikaa chini. Nilikaa sakafuni mbele ya sanduku, miguu nimenyoosha, na sikuinuka. Walikuja wawili, wakaniacha. Mwanamke mzima ni mzito akitaka. Profesa Holtrup akaja, ameinama.

"Mama Ndanu, tafadhali. Nilielewa kuwa ni zawadi."

"Maembe yalikuwa zawadi. Na kiondo ulirudisha."

Alitazama viatu vyake. Watu wa mvinyo walikuwa wametuzunguka.

"Ulirudisha na biskuti ndani," nikasema. "Za maziwa. Watoto wangu walizila. Unataka nikuambie rangi ya karatasi?"

Alimtuma karani wake, mama mmoja aitwaye Ilse, akaleta faili. Kyalo akachuchumaa kando yangu akasoma. Ilikuwa barua ya kanisa letu la Masii, na mhuri wetu ule wa mviringo, na sahihi ya Kimanthi. Ilisema kwamba marehemu Ndambuki alikuwa mtumishi wa misheni, kwa hivyo maandishi yake ni ya kanisa, na kanisa linayatoa kwa chuo kama zawadi.

"Tarehe," nikamwambia Kyalo. "Soma tarehe."

Ilikuwa imeandikwa miezi miwili kabla ya tikiti yangu.

Basi ndipo nilipoelewa safari yangu. Sikualikwa kumwona ndugu yangu. Nilikuwa mkokoteni. Tikiti ilikuwa ya daftari, mimi nilikuwa wa kulibeba tu, na yale maua yalikuwa ya kupokelea mzigo. Ilse, nitasema haki yake, alikuwa na machozi. Lakini faili aliirudisha kabatini.

Kurudi

Kurudi hakuna hadithi ndefu. Ukungu haukuwako, madirisha hayakuuliza kitu. Shingo ilikuwa inaniuma kwa kukosa uzito. Kwenye uwanja wa Nairobi yule askari wa kike alinikumbuka. "Mama, kiondo kiko wapi?" Nilipita bila kumjibu, na ninamwomba msamaha hapa.

Nilifika Masii Jumamosi, na kabla ya kwenda nyumbani nilipita ofisi ya kanisa. Kimanthi alikuwa mezani. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta mpya, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kiti cha mgeni.

"Mama Ndanu! Karibu! Ulaya wasemaje?"

"Wanasema asante kwa zawadi."

Alinyoosha kile kitambaa cha kufuma. Kisha akasema, "Lile daftari lingeliwa na mchwa hapa. Huko liko salama. Kuna hewa ya kupimwa."

"Limekaa kwa babu, kwa baba, na kwangu, juu ya kabati ya vitambaa. Uliona mchwa gani?"

"Fikiria kanisa, dada. Vijana wetu sasa watajifunza kompyuta."

"Na Kyalo?"

"Kyalo ana akili, atapata kingine."

Kyalo hakupata kingine, kwa sababu hakutafuta kingine. Huu ni mwaka wa pili. Anamenya viazi kwenye jiko la hospitali kule kule, na amecheka katika barua kwamba mjukuu wa mpishi amerudi jikoni. Akitoka kazini anakaa maktaba, anaandika sura zake kutoka kwenye nakala chache alizonakili kwa mkono, na kila mwezi anaandika barua kwa wale wakubwa watano: daftari ni letu, nipeni nilishike, mniulize maswali. Hawajamjibu hata moja. Anasema haji nyumbani bila daftari, na mimi sijamwambia aje. Nimemtumia kunde.

Sasa nyinyi mlioniuliza kilichotokea, mmesoma. Kosa langu ninalo, nilitoa kwa mikono yangu. Nimelisema. Wawili bado hawajasema lao.

Kimanthi, usiongoze maombi mengine kabla hujasimama mbele ya watu walewale uliowaombesha kwa safari yangu, na uwaambie: nani alikupa ruhusa ya kutoa kitu cha Ndambuki, na ile kompyuta ilikuja kabla ya sahihi au baada yake? Mimi nitakuwa kwenye benchi la mbele kila Jumapili. Sitapiga kelele. Nitakaa tu, miguu nimenyoosha, na unajua ninavyokaa.

Na wewe, Holtrup, Kiswahili unasoma, ndiyo sababu nimekuandikia Kiswahili, na nakala hii naituma kwako kwa posta usiyoiamini. Siku ya maembe kiondo kililala kwako usiku mmoja. Sasa kimeingia mwaka wa pili. Kitoe kwenye kioo, kilete Masii kwa miguu yako kama ulivyofanya mwanzo, daftari likiwa ndani, na barua ya kumwita Kyalo arudi kwenye kiti chake cha masomo ikiwa juu ya daftari.

Ukikileta kitupu, sikipokei.